Nimechemsha uzi saa nzima, rangi yote imebaki kwenye maji. Wanaotia rangi nyumbani tukutane hapa

MamaPacha (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Huu ni uzi kuhusu uzi, mwenye utani wake aumalize sasa hivi tuendelee.

Niko Njombe. Nafuma kofia, soksi na visweta vya watoto. Kuanzia Juni mpaka Agosti sitafuti wateja, baridi ya huku inaniletea yenyewe mpaka mlangoni. Kinachonichosha ni rangi. Madukani kuna uzi mweupe, pinki ya kuumiza macho, bluu ya sare ya shule na nyekundu, basi. Mteja akitaka rangi ya haradali au kijani cha majani ya chai, namwambia hakuna, anaondoka. Nikajisemea nanunua mweupe natia mwenyewe. Ni maji, moto na rangi, kuna nini hapo?

Jaribio la kwanza: manjano ya jikoni kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Kikatoka njano nzuri mno. Nikakiosha kwa sabuni ya mche, kikageuka mikononi mwangu palepale kama nimekifutia damu. Nilipiga kelele mpaka pacha mmoja akaanza kulia. Nilipokisuuza sana kikarudi njano, lakini baada ya siku nne kambani kilikuwa na rangi ya uji.

Jaribio la pili: mabonge manne ya uzi mweupe wa sweta, pakiti mbili za rangi ya unga zilizoandikwa za nguo za pamba. Saa nzima jikoni, nageuza kwa mwiko. Maji yalikuwa kama juisi ya rozela, na yalibaki hivyohivyo. Uzi ukatoka na pinki ya aibu, nikausuuza mara mbili ikaisha nayo.

Jaribio la tatu sipendi kulisimulia. Rafiki alinielekeza batiki kwa simu. Nikanunua kostiki na haidrosi, zile dawa mbili za batiki, nikachanganya kwenye sufuria kubwa ya mama mkwe. Sufuria ikaanza kuchemka yenyewe, moto sijawasha. Povu jeusi, harufu ya kukaba koo. Nilipoimwaga, ndani imeliwa vidoto vidoto kama uso wenye ndui. Mama mkwe yuko safarini Songea, anarudi.

Naombeni msaada, hasa kwenye uzi. Natanguliza shukrani.

---

Kigoda_Cha_Mbele

Naweka kambi hapa. Ila uzi bila picha ni umbea. Tupia picha ya sufuria.

---

TutaOnana

Pole kwa mama mkwe kwanza, uzi baadaye 😂

---

Mwl_Maabara

Dada MamaPacha, rangi usiitukane bado. Kata kipande cha huo uzi wa sweta, urefu wa kidole, kishike kwa kibano au koleo juu ya sahani yenye maji, kiwashe kwa kiberiti. Angalia unavyoungua, unusie kwa mbali, halafu ukipoa ushike kilichobaki. Rudi utuambie mambo hayo matatu, ndipo tuzungumze.

---

MamaPacha

Nimerudi. Haukuungua kama karatasi, uliyeyuka huku unawaka, moshi mweusi. Harufu ya ndoo iliyounguzwa. Kilichobaki ni kidude cheusi kigumu, ukikibonyeza hakivunjiki, kama mbegu ya papai iliyokauka.

---

Mwl_Maabara

Hapo kesi imeisha. Huo si pamba wala si sufu, ni akriliki. Pamba huwaka upesi, harufu ya karatasi, majivu mepesi ya kupeperuka. Sufu husinyaa, harufu ya nywele zilizoungua, na ukiitoa kwenye moto mara nyingi huzima yenyewe. Akriliki ni ndugu wa plastiki, ndiyo maana imekuachia mbegu ya papai.

Rangi haifanyi kazi kwa kupakwa, inafanya kazi kwa kushikana na unyuzi, na kila unyuzi una rangi zake. Rangi nyingi za pamba zinataka chumvi na magadi. Za sufu na hariri zinataka asidi na moto. Akriliki haisikii hata moja kati ya hizo. Ungechemsha mpaka kesho, maji yangebaki juisi.

Manjano nayo ni kipimo cha maabara tosha. Nawafundisha nayo kidato cha kwanza: kwenye besi, yaani kinyume cha asidi, hugeuka nyekundu, kwenye asidi hurudi njano. Sabuni ya mche ni besi. Ungetia ndimu, damu ingeondoka sekunde ileile. Ila jua huimaliza manjano hata ufanyeje, usimuuzie mtu.

Sufuria. Hizi zetu za kawaida ni za alumini, na kostiki hula alumini huku ikitoa joto na gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka. Shukuru Mungu jiko lilikuwa halijawashwa. Kostiki ni ndoo ya plastiki, glavu, na miwani kama unayo. Maji yanatangulia, kostiki inafuata kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya kostiki inaweza kukurukia usoni.

---

FundiBatiki_Tandika

Mwalimu umesema kweli tupu. Mimi batiki ndiyo imenijengea vyumba viwili, kwa hiyo naongeza ya mtaani.

Mdogo wangu, aliyekuelekeza kwa simu alikuelekeza nusu. Ile rangi ya batiki inayotaka kostiki na haidrosi, yenyewe haiyeyuki kwenye maji. Haidrosi na kostiki ndizo zinazoilegeza ili iingie kwenye pamba. Ukitumbukiza kitambaa na kukitoa, kinatoka na rangi ambayo siyo. Bluu, kwa mfano, hutoka na ukijani ukijani. Usihangaike. Kitandaze hewani kivulini, utaona kinageuka mbele ya macho yako, pembeni kwanza halafu katikati, kama mtu anakipulizia. Hewa ndiyo inayomalizia kazi. Miaka kumi na zaidi naifanya na bado naacha kazi nyingine nikitazame.

Haidrosi ifunge vizuri kwenye kopo kavu. Ikipata unyevu inapata joto na inaweza kushika moto yenyewe. Na fanyia nje, siyo jikoni kwenye watoto.

Nta, ile ya kuzuia rangi isishike sehemu fulani: parafini peke yake inapasuka, inakupa ile mistari mistari ya batiki. Ukitaka mistari ipungue changanya na nta ya nyuki. Mihuri mimi nachonga kwenye kipande cha godoro la sponji, godoro bovu moja linanipa maua ya mwaka mzima. Wanaoanza nawashauri wafuate SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, mkoani kwao waulize mafunzo ya batiki, ukiona mtu anafanya mara moja inatosha kuliko sauti kumi za simu.

---

Mzee_wa_Jora

Nimeuza vitambaa Kariakoo muda mrefu, niwape siri ya upande wetu. Mteja akiuliza "hii ni pamba?" muuzaji anajibu pamba. Akiuliza tena, pamba kabisa. Nusu ya hizo ni tetroni, pamba imechanganywa na poliesta. Ukiitia rangi ya pamba inashika pamba peke yake, poliesta inabaki nyeupe, ndiyo unapata rangi iliyochoka. Njooni na kiberiti, ombeni uzi mmoja wa ukingoni. Anayekataa kukupa uzi mmoja amekwishakujibu.

Na kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Kichemshe na sabuni na magadi kidogo, usuuze, ndipo utie rangi. Usipofanya hivyo rangi itakaa kwa madoa kama ramani.

---

BibiAlisema

Mbona hamsemi chumvi? Bibi yangu kila kanga mpya anailoweka kwenye chumvi na siki usiku mzima inakaza rangi. Hayo ya maabara waachieni wanafunzi.

---

Mwl_Maabara

Namheshimu bibi. Chumvi ina kazi, ila ni wakati wa kutia rangi: inaisukuma rangi itoke kwenye maji iingie kwenye pamba. Kanga iliyokwisha kutoka kiwandani imeshapita hapo. Siki nayo inasaidia rangi za sufu, kwa pamba haikazi kitu. Kinachochuja kwenye kanga mpya ni rangi ya ziada ambayo haikushika, dawa yake ni kuifua peke yake mara kadhaa mpaka maji yaangaze.

Usiniamini mimi. Kata vipande viwili vya kanga moja inayochuja, kimoja kwenye chumvi na siki, kingine maji matupu. Asubuhi vihamishie vyote kwenye maji mapya.

---

Wanja_wa_Nyeri

Jameni, mwanzisha uzi alisema anafumia watoto, tumrudishe huko. Huku kwetu tuko na sufu ya kondoo, Nanyuki kuna akina mama wanasokota kwa mkono na kutia rangi za miti tangu mimi nikiwa msichana. Nyinyi kondoo wenu wengi ni wa nywele, hakuna cha kusokota hapo.

MamaPacha, kama utapata sufu nyeupe, hii ndio ya kuanza nayo kwa sababu haina sumu ya kukutisha. Maganda makavu ya vitunguu vyekundu, waambie wa sokoni wakuwekee, kwao ni takataka. Uzi gramu 100, maganda angalau gramu 50. Shabu, ile ya vinyozi, gramu 15 kwa hiyo gramu 100.

Fungua bonge, lizungushe kwenye mgongo wa kiti liwe shada kubwa, ufunge kwa kamba sehemu nne lakini zilegee. Ukikaza, hapo chini ya kamba patabaki peupe. Loweka usiku. Yeyusha shabu kwa maji ya moto, tia sufu, ipashe moto polepole karibu ichemke, saa moja, halafu ipoe humo humo. Maganda yachemshe kando, uyachuje, halafu shada liingie kwenye hayo maji, saa moja tena kwa moto mdogo.

Sikiza sana hapa: sufu haipendi kushtuliwa. Ukiitoa kwenye moto ukaitia maji baridi, ama ukaikoroga kama ugali, inashikana yote inakuwa kama zulia. Mimi nilipoteza shada mbili hivyo, nikazifanya za kushikia sufuria. Moto pole, kupoa pole, mkono pole.

---

BiMkeka_Pemba

Asalaam alaykum. Mie nasoma hapa nacheka peke yangu. Dada wa Njombe, huo uzi wako wa plastiki usiutupe. Sisi huku twatia rangi ukindu kwa ajili ya mikeka. Rangi ya unga, maji yachemke khasa, ukindu unazamishwa kwa makundi, unageuzwa kwa kijiti, dakika chache washika. Zambarau, kijani, ile nyekundu ya harusi. Sasa binti yangu mmoja mtundu alitupia humo uzi mweupe wa sweta uliobaki. Ulishika kushinda ukindu wenyewe! Nimeufua mara ngapi sijui, upo vile vile. Sijui sababu yake, mwalimu atasema.

---

Mwl_Maabara

Bi Mkeka, umenifanya nisimame kwenye kiti. Akriliki inatiwa rangi na kundi linaloitwa rangi za besi, na viwandani ndivyo wanavyofanya. Rangi kali kali za ukindu mara nyingi ni za kundi hilo, ndiyo maana uzi wa binti ukanywa. Zinataka maji ya moto sana, karibu na kuchemka, siki kidogo, halafu zipoe taratibu.

Kwa faida ya wapenda historia: rangi ya kwanza ya maabara iliyopata soko ilikuwa ya kundi hilihili. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 London, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Akashindwa, chupa ikabaki na uchafu mweusi, uchafu ukatoa zambarau. Kwa hiyo mbu naye ana mkono kwenye madera yenu.

Tahadhari moja bila utani. Pakiti za ukindu huwa hazisemi ndani mna nini, na baadhi ya rangi za besi si salama mwilini. Mkeka ni sawa, pochi sawa, kitambaa cha meza sawa. Kofia ya mtoto anayenyonya kila kitu anachokishika, mimi nisingethubutu.

---

Kigoda_Cha_Mbele

Nilikuja kucheka sufuria nimepata somo la kemia. Huu uzi uwekwe juu.

---

BibiAlisema

Nimefanya lile jaribio. Bakuli la chumvi maji yalikuwa mepesi kidogo, nikashangilia. Nikahamishia vyote kwenye maji matupu kama ulivyosema, kikaanza kuchuja sawasawa na mwenzake. Nitaendelea kuweka chumvi kwa heshima ya bibi.

---

Mtoto_wa_Kajiado

Kwa wanaotaka pamba bila kostiki: kuna rangi zile zinazofanya kazi kwa maji ya baridi, zilianza kuuzwa 1956, hizo hushikana na pamba kabisa. Zinahitaji soda ashi, na soda ashi iko nyumbani kwetu, Ziwa Magadi, kampuni ya kuichota ilianzishwa 1911. Ukikosa, chukua baking soda ukaange kwenye kikaango kikavu kwa muda mrefu huku unageuza. Inatoa maji na gesi, inabaki soda ashi. Magadi ya kupikia maharage pia hufanya kazi lakini yana udongo, yayeyushe uyachuje.

Kitambaa kikishatiwa kinatakiwa kikae na unyevu siku nzima kabla ya kusuuza. Maelekezo yote ya mtandaoni husema "funga kwenye mfuko wa plastiki". Huku kwetu mfuko ulipigwa marufuku 2017, kwenu 2019, kwa hiyo tumia ndoo yenye mfuniko.

---

MamaPacha

Wakuu, majibu. Wiki tatu nimekuwa kimya kwa sababu mikono ilikuwa ya njano.

Wanja alinitumia sufu nusu kilo, ikafika kwa basi, Mungu ambariki. Inanukia kondoo kweli kweli. Nilifuata kila neno, moto wa mkaa nikaupunguza mpaka ukawa kama umelala. Maji ya maganda yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi, nikajua nimeharibu. Nikaingiza shada. Baada ya nusu saa nililiinua kwa kijiti, maji yakawa yanachuruzika, na chini ya yale maji ya kahawia kuna haradali. Haradali yenyewe! Nilikaa kwenye ndoo nikaitazama.

Shada la pili nilitupia kwenye maji yaleyale yaliyobaki, likatoka njano ya siagi. La tatu nililiingiza dakika kumi tu kwenye maji yenye misumari ya kutu niliyoiloweka kwenye siki, likageuka kijani cha zeituni kilichoiva. Hilo sikulitegemea. Mteja wa majani ya chai nimemwita, amesema siyo chai ila anachukua.

Pamba nimejaribu kwa magome ya miwati, huku Njombe imejaa tele na kiwanda kipo. Nilichemsha magome, uzi wa pamba ukalala humo usiku mzima, kesho yake shabu, kesho kutwa maganda. Kazi ya siku tatu. Imetoka dhahabu iliyofifia kidogo, lakini nimeifua kwa sabuni ya mche mara tano haijahama. Bila miwati nilijaribu kipande kingine, hicho kilichuja kufua kwa pili.

Akriliki: Bi Mkeka, zambarau yako imeshika mpaka nimeogopa. Mwalimu nimekusikia, nimefuma vitambaa vya kochi, sijagusa kofia.

---

Wanja_wa_Nyeri

Sasa hiyo miwati yenu, kwetu ni muthanduku, tunachoma makaa tu. Nimeshika kichwa. Na hiyo zeituni nataka kofia yangu, tutatoa kwa sufu iliyobaki.

---

FundiBatiki_Tandika

Andika vipimo vyote kwenye daftari, na funga kipande cha uzi kwenye kila ukurasa. Mteja atarudi mwakani anataka ileile, na wewe utakuwa umesahau ulitia misumari mingapi.

---

TutaOnana

Sawa, na mama mkwe?

---

MamaPacha

Alirudi Jumamosi. Nilikuwa nimenunua sufuria nyingine ya ukubwa uleule, nimeisugua kwa majivu isionekane mpya. Akaingia jikoni, akaiinua, akaiweka. Hakusema kitu. Akaona kofia ya haradali kwenye meza, akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akasema hii ni yangu.

Akiwa mlangoni ndipo akageuka: "Na sufuria yangu iko wapi?"